Hakuna Malalamiko, Afande

Siku ya pensheni Sajinimeja hakuruhusu mtu kuegemea ukuta.

"Ukuta hauna pensheni," alisema. "Msiuchoshe bure."

Wazee wakacheka kile kicheko cha kumridhisha mkubwa, wakajitenga na ukuta wa kampuni ya mikopo, wakasimama mstari mmoja kibarazani, wenye vyeo mbele na wasio na vyeo nyuma, kama walivyokuwa wakisimama kambini enzi zile bado wana nywele. Mmoja alikuwa na fimbo, mwingine na mfuko wa dawa. Koplo alikuwa na magongo mawili, na mguu wa kushoto wa suruali yake ulikunjwa ukabanwa kwa pini juu ya goti. Mkunjo ule ulikuwa umepigwa pasi. Mke wake ni fundi cherehani, na hamwachi mtu atoke nyumbani kwake na mkunjo wa ovyo, hata kama ni mkunjo wa mahali pasipo na mguu.

Huyo mke, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alisimama ng'ambo ya barabara na furushi la sare za shule kichwani. Kila mwezi alimsindikiza mumewe mpaka pale, kisha akabaki upande ule pamoja na wake wengine. Hakuna aliyewakataza kuvuka. Yalikuwa mambo ya jeshi, basi, na wake hawamo kwenye mambo ya jeshi.

Sajinimeja, ambaye siku hizi alikuwa mtu wa kampuni, akatoka na kopo la biskuti. Humo ndani zilikaa kadi za benki za mstari mzima, zimefungwa kwa mipira. Ukikopa pale uliacha kadi yako na namba yako ya siri. Mara moja kwa mwezi kadi ilitolewa koponi, ikaongozana na mwenyewe mpaka kwenye mashine ya kutolea pesa pale kona, ikarudi koponi. Pensheni ikitoka, Sajinimeja ndiye aliyeipokea. Alikata cha kampuni, akakupa kilichobaki. Kilichobaki kilipungua kila mwezi, deni nalo halikupungua, na hapakuwa na mtu pale kibarazani aliyejua kueleza jinsi mambo hayo mawili yalivyoweza kwenda pamoja.

"Kikosi!" sauti ikapasuka. Ilikuwa bado sauti ya uwanja wa gwaride, wala haikuzeeka na mwenyewe. "Mguu... sawa!"

Visigino vikagongana, vya viatu na vya ndala.

"Wewe amri yenyewe inakuhusu nusu," akanong'ona Tarumbeta, aliyekuwa mpiga tarumbeta wa kikosi na ambaye siku zote alisimama karibu na Koplo. Koplo akabana kicheko mpaka mabega yakatikisika.

Walipomaliza kwenda mashineni na kurudi, kila mtu na chake mkononi, Sajinimeja akapita mbele yao polepole, mikono nyuma.

"Kuna malalamiko?"

"Hakuna, afande!"

Jibu lilitoka kama kifua kimoja. Njiwa wakaruka juu ya bati. Kambini ndivyo ilivyokuwa: kila mlo afisa wa zamu hupita katikati ya meza akauliza hivyo, na jibu ni lile lile, wali uwe mbichi, maharage yawe na wadudu. Mwenye malalamiko kweli alitakiwa apige hatua moja mbele. Kila mtu alijua kwamba mtu wa namna hiyo angekutwa kesho yake anachimba handaki peke yake juani. Kwa hiyo hatua ile hakuna aliyeipiga, na miaka ikapita.

"Jumamosi kamati ya bunge inakuja ukumbi wa shule," Sajinimeja akasema. "Yule mbunge mfupi anataka kuwasemea. Tutakwenda. Tutakwenda kama kikosi, tutakaa kama kikosi, tutarudi kama kikosi. Nimeeleweka?"

"Ndiyo, afande!"

Kisha akavuka barabara mwenyewe, akaja mpaka alipokuwa Fundi, akampa mkono kwa heshima.

"Shemeji, habari za nyumbani?"

"Nzuri, shemeji."

"Cherehani inakwenda vizuri?"

"Inakwenda."

"Itunze," akasema Sajinimeja, na wala hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo alilolibeba Fundi njia nzima pamoja na furushi lake.

~

Mbunge alikuja na mafua. Aliinama mlangoni kwa Fundi ingawa hakuwa na haja ya kuinama, kwa kuwa alikuwa mfupi kweli, akakaa kwenye kigoda cha wateja, kati ya rundo la sketi za bluu na pasi ya mkaa.

"Pole na mafua, mheshimiwa."

"Asante, mama. Yamenianza kikao kilichopita. Nafikiri yametumwa na kampuni za mikopo."

Fundi akatabasamu bila kusimamisha cherehani. Hakuwa na kawaida ya kuisimamisha kwa ajili ya maneno ya mtu. Wateja walimweleza vipimo, misiba na harusi zao huku mguu wake unakanyaga pedali, na hakuwahi kukosea kitu. Ile cherehani ilikuwa nyeusi, maandishi yake ya dhahabu yamefutika kwa kupapaswa, na ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba tangu pensheni ilipoanza kutokea kibarazani.

"Nitasema haraka," mbunge akamwambia Koplo. "Muswada wangu nimeupeleka mara mbili, mara mbili umerudishwa. Unajua wananijibu nini? Wananiambia, mheshimiwa, hao unaowalilia wao wenyewe hawalii. Wahusika hawajalalamika. Sasa nimeikokota kamati nzima mpaka huku. Kesho kutakuwa na mtambo wa kurekodi na katibu wa kuandika. Nahitaji mtu mmoja tu, aseme kwa mdomo wake."

"Muswada wenyewe unasemaje?" akauliza Koplo.

"Unasema kampuni isishike kadi ya mtu wala namba yake ya siri. Isichukue kitu ambacho mtu anafanyia kazi, wala kitu cha mwili wake."

"Kitu cha mwili kama nini?" Fundi akauliza.

"Miwani. Kiti cha magurudumu. Kile kidude cha kusikilizia. Usione ajabu, mama, wanachukua."

Koplo akakohoa, akaangalia dirishani, ingawa dirishani hapakuwa na kitu ila kamba ya nguo.

"Na sehemu ya pili," mbunge akaendelea, akipenga kamasi kwenye leso iliyokwisha kuchoka, "ni kliniki ya askari wastaafu. Ifunguliwe kila siku ya kazi, iwe na fundi wa viungo na vifaa vyake."

"Hapo umenena!" Fundi akasema. "Mguu wa bandia wa mume wangu uko huko tangu shule zilipofunguliwa. Nilikwenda mwenyewe kuufuata. Nimekuta kufuli. Mlinzi ananiambia fundi huja akija."

"Wanasubiri skrubu," Koplo akasema haraka.

"Skrubu?"

"Ya kwenye goti. Inatoka nje."

Mbunge akaandika. Alipoinua mkono kuandika, bitana ya koti lake ikaonekana imechanika kwapani, inaning'inia. Fundi hakuvumilia. Akamvua koti kama anavyovuliwa mtoto wa shule, akalipitisha chini ya sindano.

"Kwa hiyo, Koplo, kesho nikikuita utasimama?"

Koplo akafungua mdomo.

"Sisi hatuna shida na kampuni, mheshimiwa," Fundi akasema. Cherehani ilikuwa inakwenda. "Shida yetu ni skrubu tu."

Mbunge akamtazama mke, akamtazama mume, kisha akaitazama cherehani, akawa kama ameelewa. Hakubishana. Alipopewa koti akaingiza mkono mfukoni.

"Weka, mheshimiwa. Nikipokea hela yako kesho wataandika nimenunuliwa."

Alipoondoka, chumba kikabaki na mlio wa sindano tu.

"Ulinijibia," Koplo akasema.

"Nilikujibia."

"Ulijua nilitaka kusema nini?"

"Sikujua. Ndiyo maana nikakujibia."

Koplo akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Alivua shati ili mkewe amkande. Magongo yalikuwa yamemchubua kwapa zote mbili, ingawa Fundi aliyashonea mito kwa vipande vya sare, vya bluu upande huu na vya kijani upande ule. Akachovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, akakamua.

"Wakija kuichukua hii," akasema akielekeza kidevu kwenye cherehani, "tutakula nini, baba? Tutakula muswada?"

"Hawatakuja."

"Kwa nini wasije? Pensheni ilipochelewa ile miezi tukashindwa kulipa, afande alisema kesho yake analeta mkokoteni. Hakuleta. Unafikiri mkokoteni una pancha mpaka leo?"

"Afande ana moyo. Wewe humjui. Siku ile ya bomu la ardhini alivua mkanda wake mwenyewe akanifunga paja, akanibeba mgongoni mpaka giza likaingia, suruali inamvuka."

"Namshukuru alikubeba," Fundi akasema, akikanda taratibu. "Kila nikisali namtaja. Lakini mpaka leo hajakushusha, na nauli anaikata kila mwezi."

Maji yalipomfika kwenye mchubuko Koplo akafumba macho.

"Niahidi kesho utanyamaza."

"Nitanyamaza, mama."

~

Ukumbi wa shule ulikuwa na viti vya watoto. Wazee waliingia kwa mstari, Sajinimeja mbele, wakakaa magoti yamewafikia videvuni. Wake walikaa mabenchi ya nyuma. Mezani, chini ya saa iliyosimama, palikuwa na wabunge wa kamati, katibu mwenye mtambo wa kurekodi, na mwenyekiti, mtu mrefu wa miwani ya dhahabu ambaye tangu aingie alikuwa akitazama chupa yake ya maji kana kwamba ndiyo iliyomwalika.

Mbunge mfupi alisimama. Mafua yalikuwa yamemshika koo, na huenda ndiyo sababu alitaka kuwa na maneno machache.

"Wazee wangu," akasema, "sikuja kuwahutubia. Nina swali moja tu, na nawaomba mniambie bila woga." Akashusha pumzi. "Kuna malalamiko?"

Viti vikalia. Ukumbi mzima wa mbele ukasimama kwa pamoja, vifua mbele, mikono ubavuni.

"Hakuna, afande!"

Vioo vya madirisha vikatetemeka. Wengine wao hawakuwa na habari kwamba wamesimama. Tarumbeta aligusa midomo yake kwa vidole, kama anayemtafuta mtu aliyesema. Mbunge mfupi alibaki amekunja karatasi zake mkononi, uso umemwiva.

Mwenyekiti akacheka, kicheko cha mtu mzima kwa mtoto. "Basi, mheshimiwa, nadhani kamati imejibiwa. Tena imejibiwa kwa sauti. Katibu, umeandika?"

"Nimeandika, mwenyekiti."

Sajinimeja, kwenye kiti cha kwanza, hakugeuza shingo.

Fundi alikuwa amepata alichokitaka. Hakuna aliyesema neno, cherehani iko salama nyumbani, na kabla ya jua kuwa kali wangekuwa wamesharudi. Lakini macho yake yalikuwa kwa mumewe. Koplo alikuwa amesimama na wenzake kwa amri ile, na kwa kuwa amri haingoji magongo, magongo yalikuwa sakafuni. Amesimama kwa mguu mmoja, ameshika bega la Tarumbeta, anayumba kama nguo kwenye kamba. Mdomo bado uko wazi pale jibu lilipotokea, na machoni kuna aibu ambayo Fundi hakuwahi kuiona hata siku aliyomlaki kwenye lango la hospitali ya jeshi.

Akajikuta amesimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti."

"Mama, wewe ni askari mstaafu?"

"Mimi ni mke wa askari mstaafu."

"Kikao hiki ni cha wastaafu wenyewe."

"Na hizo suruali walizovaa nimeshona mimi," Fundi akasema. "Niruhusu kidogo. Hao hawajawajibu nyinyi. Wamelijibu bwalo la chakula la kambini. Huyo wangu ukimuuliza hivyo usingizini anakujibu hivyo hivyo."

"Na wangu!" akasema mwanamke mmoja.

"Wangu anapiga na saluti, shuka lote linakwenda!" akasema mwingine, na mabenchi ya nyuma yakaangua kicheko. Hata katibu akainamisha kichwa.

Mbunge mfupi alikuwa ameshamgeukia. "Mama, niwaulize vipi?"

"Usiwaulize wote. Muulize mmoja. Muulize mume wangu, mguu wake uko wapi."

Swali hilo alilichagua kwa akili, maana Fundi hakuwa mtu wa kukata kitambaa kabla hajapima. Kliniki ni ya serikali. Kliniki haina kopo la kadi, wala haina mkokoteni. Mumewe angesema kufuli, angesema skrubu, katibu angeandika angalau kitu kimoja, na hakuna ambaye angekuja kubisha hodi kwao.

"Koplo," mbunge akasema, na safari hii alisema taratibu, "mguu wako uko wapi?"

Koplo akamtazama mkewe. Halafu akatazama kisogo cha Sajinimeja. Askari huweza kunyamaza akiwa mstarini, lakini akiulizwa swali lake peke yake, kwa cheo chake, mbele ya mkubwa, hujibu. Akaliachia bega la Tarumbeta. Tarumbeta akainama upesi, akamwokotea gongo moja. Koplo akaliweka mbele, akajivuta, akalifuata.

Hatua moja mbele.

Mabenchi ya nyuma hayakuelewa, wala wabunge. Wazee walielewa. Mmoja alivuta pumzi kwa sauti.

"Mguu wangu uko stoo, afande."

"Stoo ya kliniki?"

"Hapana, afande. Stoo ya kampuni ya mikopo. Rafu ya chini, kati ya televisheni na magodoro."

Fundi akashika benchi la mbele yake.

"Umefikaje huko?"

"Pensheni ilichelewa, nasi tukachelewa kulipa. Wakasema wanakuja kuchukua cherehani ya mke wangu. Nikaenda mimi mwenyewe, nikavua mguu, nikasema shikeni huu. Mimi nikikosa mguu nitakaa. Ile cherehani ikikosekana hatuli." Akalikamata gongo vizuri. "Nyumbani nilisema uko kliniki. Skrubu haipo, afande. Skrubu niliitunga."

Hapo Sajinimeja alisimama na kugeuka. Alikuwa mrefu bado.

"Koplo! Rudi mstarini!"

Ile sauti ilipita ukumbini kama upepo kwenye mahindi. Wazee wote wakakaza magoti. Mwili wa Koplo wenyewe ulianza kutii. Bega likazunguka, kisigino kimoja kikatafuta pa kugeukia, gongo likateleza kidogo kwenye sakafu. Akajikamata.

"Siwezi, afande," akasema, na hakusema kwa jeuri. "Mguu wa kugeukia unao wewe."

Hakuna aliyecheka. Sajinimeja alibaki na mdomo uliokuwa na amri nyingine, na amri yenyewe haikutoka. Mkono wake ulishuka kiunoni, ukashika mkanda, ukaachia.

"Mwenyekiti," mbunge mfupi akasema kwa sauti iliyokwaruza, "naomba haya nayo yaandikwe."

Mwenyekiti alikuwa amevua miwani yake na hakuwa na mahali pa kuiweka. Alitazama ile suruali iliyobanwa kwa pini na mkunjo wake uliopigwa pasi.

"Yaandikwe," akasema.

Nyuma ya Koplo kiti kimoja kidogo cha shule kikasukumwa. Ni Tarumbeta, naye ameshapiga hatua.

~

Njiani kurudi nyumbani Fundi alitangulia kwa hasira, akasimama kumngoja, akatangulia tena.

"Skrubu," akasema.

"Mama..."

"Ya kwenye goti."

"Nilikuwa..."

"Inatoka nje!"

"Stoo si iko nje?" Koplo akajaribu. "Nje ya nyumba yetu."

Fundi alikusudia kumkaripia, kikamtoka kicheko, na kicheko kikageuka kilio. Akasimama katikati ya njia akijifuta uso kwa futi yake ya kupimia, iliyokuwa imebaki shingoni tangu asubuhi. Watu wakapita wakiwaangalia. Koplo alisimama karibu naye na magongo yake ya bluu na kijani, akawa kivuli kwake mpaka alipomaliza.

"Nilikwenda mpaka kliniki," Fundi akasema. "Nikaligombeza kufuli la watu, kumbe halina kosa."

"Kosa linalo. Wenzetu miguu yao iko humo kweli."

~

Muswada ulikwenda tena bungeni ukiwa na maneno ya Koplo na ya Tarumbeta na ya wale waliowafuata. Redio ilisema umesomwa, ikasema unajadiliwa, kisha ikaendelea na matokeo ya mpira. Hakuna aliyekuja na mkokoteni. Lakini kila gari lililopunguza mwendo nje, Fundi alikaza mkono juu ya cherehani kama mtu aliyeshika mtoto sokoni.

Asubuhi moja aliyebisha hodi alikuwa Sajinimeja. Kwapani alikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia, na mkononi lile kopo la biskuti. Hakunyoa. Fundi hakuwahi kumwona hajanyoa.

"Karibu, shemeji," Fundi akasema, na cherehani ikaendelea.

"Kampuni imeniambia nitafute kazi nyingine," Sajinimeja akasema akiwa bado mlangoni. "Funguo wanazitaka leo mchana. Nikaona kabla ya mchana nizunguke." Akafungua kopo, akampa Koplo kadi yake. "Nyinyi ni wa mwisho. Badilisha namba ya siri leo leo. Deni bado lipo, nisiwadanganye. Na cherehani bado imeandikwa rehani."

"Tunajua," Fundi akasema.

Alifungua gunia. Mguu ulikuwa na vumbi, na kwenye ugoko kumebandikwa karatasi yenye namba, kama kitu cha mnada. Sajinimeja aliibandua kwa ukucha, polepole, akaikunja akaitia mfukoni. Kisha akapiga magoti pale sakafuni, kati ya vipande vya vitambaa, akaanza kumfunga Koplo mikanda. Hakuuliza ipi inakwenda wapi. Paja lile alilijua.

"Umekaza mno, afande."

"Vumilia. Ukilegea utakutupa."

Koplo akasimama. Akauliza sakafu kwa kisigino, mara moja, mara ya pili. Ghafla akawa mrefu kuliko chumba kilivyomzoea.

Fundi hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa ametazama ndani ya kopo lililobaki wazi juu ya meza. Humo mlikuwa bado na kadi moja.

"Na hiyo ya nani?"

Sajinimeja alikuwa anajikung'uta magoti. "Ya kwangu."

"Na wewe?"

"Nilikopa kabla yenu wote. Ndiyo maana wakaniajiri, shemeji. Kila kichwa nilichowapelekea, walinipunguzia deni." Akalifunika kopo. "Haya. Mimi niwaache na kazi."

Akafika mlangoni, akanyoosha mgongo kwa mazoea, akashika fremu. Hapo Koplo akaweka mikono nyuma, akapiga hatua zake mbili mpya, akasimama mbele yake.

"Afande," akasema taratibu. "Kuna malalamiko?"

Kifua cha Sajinimeja kikajaa. Kidevu kikapanda, visigino vikakutana, na ile sauti ya gwaride ikaanza kutoka.

"Hak—"

Ikakwama. Akajaribu tena, na midomo ikacheza bila kitu. Macho ya mzee yule yakaenda kwenye sketi za bluu, kwenye pasi, kwenye mguu, yakarudi.

"Yapo," akasema.

Fundi akakisukuma kigoda cha wateja kwa mguu mpaka kikamfikia. Halafu akautoa mguu kwenye pedali, cherehani ikasimama.